Milima ya Mwanza ipande kwa pumzi, saa iache ishuke yenyewe

Swali: "Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Igoma, nina miaka 38. Niliwahi kukimbia kilomita 21 Dar es Salaam nikatumia saa 2 na dakika 12, nikamaliza nacheka. Mwaka jana nikakimbia hizo hizo 21 hapa nyumbani Mwanza, nikatumia saa 2 na dakika 47. Kufika kilomita ya 12 nilikuwa natembea, na ya 15 nilikaa juu ya jiwe nikalia. Kila nikipanda saa yangu inaniambia niko nyuma, basi nalazimisha ili nirudi kwenye kasi yangu. Sasa nimejiandikisha 42. Baba watoto anasema nitafute mbio za tambarare. Mimi nataka za hapa hapa, na nataka nimalize nina furaha. Nipange vipi mwendo?"

Marahaba mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yanasimama kwenye neno lile lile: "nalazimisha ili nirudi kwenye kasi yangu". Hapo ndipo mbio zako za mwaka jana zilipoishia, mapema sana kabla hujalifikia lile jiwe. Dar ulikimbia kwenye barabara iliyolala, kwa hiyo kasi na nguvu vilikwenda sambamba. Huku kwetu barabara inainuka na kushuka, na kasi unayoiona kwenye saa ya mkononi inatokana na umbali na muda tu. Haijui kwamba umebeba mwili wako kuupeleka juu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wewe ni mwalimu na hesabu zitakutuliza.

Kwa muda wako wa Dar, kilomita 42 za tambarare ungezimaliza kwa saa 4 na dakika 45 hivi, ukiwa umefanya mazoezi ya kutosha. Mimi nakupunguzia mwendo kidogo kwa usalama, tuseme dakika 6 na sekunde 55 kwa kilomita. Makocha wengi hukadiria hivi: kila asilimia 1 ya mwinuko inakula sekunde 8 hadi 10 kwa kilomita, na kila asilimia 1 ya mteremko inakurudishia sekunde kama 5. Chukua mlima wa asilimia 4, unaokupandisha mita 40 ndani ya kilomita 1. Utaupanda kwa dakika 7 na nusu. Ukigeuza ukashuka mteremko kama huo, utashuka kwa dakika 6 na sekunde 35. Panda na shuka moja imekugharimu sekunde 15. Weka kilomita 10 za kupanda hivyo na 10 za kushuka katika mbio nzima: umepoteza dakika 2 na nusu.

Rudia kuisoma hiyo. Dakika 2 na nusu katika kilomita 42! Najua milima yetu mingine ni mikali kuliko asilimia 4, najua jua lipo, najua kwenye maji utasimama. Basi tuzidishe mara 4, iwe dakika 10. Mwaka jana, katika nusu ya umbali huo, wewe ulipoteza dakika 35. Milima ilichukua chache tu katika hizo. Zilizobaki zilikwenda kwenye kule kulazimisha, na hizo ndizo tunazoweza kuzirudisha mfukoni mwako. Ndiyo maana simuungi mkono baba watoto, ingawa najua anasema kwa upendo. Mwambie kocha amesema Mwanza inakimbilika.

Sasa, ukiacha kufuata saa, utafuata nini? Utafuata pumzi. Na kipimo cha pumzi unacho tayari, umekuwa nacho tangu utoto wako. Wewe unakimbiza watoto mchakamchaka asubuhi. Mwanzishaji anaimba, wengine wanaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Umewahi kuona watoto wanakimbia kwa kasi ambayo hawawezi kuitikia? Wakishindwa kuitikia wimbo unakufa, na wimbo ukifa mstari unakatika. Wimbo ndio unaoshika breki. Mwendo ambao unaweza kuitikia bila kukata neno katikati, huo ndio mwendo wako wa marathoni kwenye tambarare.

Mlimani pumzi hupanda kidogo, haiwezi kubaki ile ile kabisa, kwa hiyo hapo natumia kipimo cha salamu. Ukiwa katikati ya mlima, mwamkie mtu aliye kando ya barabara. Salamu nzima: "Shikamoo mama, habari za asubuhi, umeamkaje?" Ukiimaliza kwa pumzi moja, au mbili za utulivu, uko sawa. Ukiishia kwenye "shikamoo" na nyingine ikabaki kifuani, umezidisha. Fupisha hatua papo hapo. Na kwa kuwa tuko Usukumani, kuna wazee watakaofurahi zaidi ukisema "mwangaluka mayu" au "mwangaluka baba", nao watakuitikia kwa sauti ambayo itakusukuma mita 100 zinazofuata. Nimewafundisha watu wengi kipimo hiki na hakuna aliyerudi kuniambia kwamba saa inafanya kazi vizuri kuliko salamu kwenye mlima.

Acha nieleze kinachotokea mwilini, maana ukikielewa hutashawishika tena kulazimisha. Misuli na ini huhifadhi wanga, na wanga huo una kikomo: kwa watu wengi hautoshi kufika mwisho wa kilomita 42. Mafuta ya mwilini ni mengi, yangekupeleka mbali sana, lakini yanaungua taratibu. Ukienda kwa pumzi tulivu mwili unachanganya vyote viwili. Ukianza kuhema kwa nguvu, mwili unapunguza mafuta na kukimbilia wanga, kwa sababu wanga ndio unaotoa nguvu ya haraka. Kila mlima ulioulazimisha mwaka jana ulichota kwenye ghala hilo dogo. Hiyo ni sababu mojawapo ulipofika kilomita ya 12 miguu ilikuwa mizito kama magogo hata pale barabara ilipokuwa imenyooka. Hukuwa dhaifu. Ghala lilikuwa limechotwa haraka kuliko ilivyopaswa, na huenda lile chozi nalo lina mkono wa njaa hiyo, kwa sababu ubongo nao unakula humo humo.

Umbo la kupanda nenda ukajifunze kwa mama zetu. Siku moja ya wiki, asubuhi, simama chini ya vilima vya Igogo au Mabatini, pale nyumba zilipokaa juu ya majabali na njia ni ngazi na vijia tu. Mtazame mama anayepanda na ndoo ya lita 20 kichwani. Kilo 20 hizo, na anakwenda juu. Nilimtazama mmoja hivi karibuni, kutoka bombani mpaka mlangoni kwake. Hatua zake zilikuwa fupi, kama nusu ya hatua zake za tambarare. Kifua kimenyooka, shingo imenyooka, macho mbele kiasi cha mita tano. Hakuinama kiunoni hata mara moja, maana akiinama ndoo inamwagika. Mwendo wake chini ya kilima na mwendo wake juu ya kilima ulikuwa mmoja. Kijana mmoja alimpita kwa mbio, mikono mitupu, akaenda kushika magoti yake kwenye kona ya juu. Mama akampita pale pale amesimama, akamsalimia, akaendelea. Tone la maji halikuanguka.

Basi wewe panda hivyo. Jifikirie una ndoo. Fupisha hatua, mguu utue chini ya kiwiliwili chako na usiutupe mbele, mikono icheze karibu na mbavu. Ukitaka kuinama kidogo, inama kutoka kwenye kifundo cha mguu, mwili wote kama mti unaoegemea upepo. Usikunjike kiunoni, maana unayabana mapafu yako. Idadi ya hatua kwa dakika ibaki ile ile ya tambarare, urefu ndio upungue. Na pale mlima unapokuwa mkali kiasi kwamba hata kwa hatua fupi salamu haitoki, tembea. Tembea kwa haraka, kwa makusudi, ukiwa umeamua mwenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayetembea kwa sababu amepanga na mtu anayetembea kwa sababu amekwisha, na siku ya mbio utaiona mwenyewe. Kwenye mlima mkali mwendo wa kutembea kwa nguvu hauachwi mbali na mwendo wa kukimbia taratibu, lakini pumzi unaiokoa sana.

Mkifika kileleni kuna kosa moja ambalo nusu ya wakimbiaji hulifanya: wanashangilia kwa kuongeza kasi papo hapo. Usifanye. Hesabu hatua 60 juu pale kwa mwendo ule ule wa mlimani, acha pumzi ishuke, kisha rudisha urefu wa hatua.

Sasa nije kwenye mteremko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa Mwanza wanaogopa kupanda na hawaogopi kushuka, wakati kushuka ndiko kunakowamaliza.

Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki. Unajikaza wakati huo huo unavutwa urefuke, na kazi ya namna hiyo inachanachana nyuzi ndogo ndogo za msuli kuliko kupanda. Huoni maumivu saa ile. Mteremko wa kilomita ya 6 ni mtamu, upepo wa ziwa uko usoni, kila mtu anaruka. Deni linakuja kudaiwa kilomita ya 30, mapaja yanapokataa kukubeba hata kwenye tambarare.

Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo: 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 aliikosa kwa sekunde 1 tu, nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Boston ni barabara inayoshuka, mahali pa kuanzia pako juu ya mahali pa kumalizia kwa mita 140 hivi, na mteremko mkubwa uko mwanzoni. Kisha, kuanzia kilomita ya 26 mpaka karibu ya 34, vinakuja vilima vya Newton. Mwaka 1990 Ikangaa aliushuka ule mwanzo kwa kasi kali sana, na kwenye vilima vile Gelindo Bordin wa Italia, aliyekuwa amejizuia nyuma, akamfikia na kumpita. Ninamheshimu Ikangaa kuliko ninavyoweza kueleza hapa, na moyo wake ule wa kukimbia mbele umewafungulia wengi njia. Ninachotaka ukione ni hiki: ikiwa mteremko wa mwanzoni unaweza kuyachosha mapaja ya mmoja wa wakimbiaji bora duniani, mimi na wewe tuuheshimu.

Namna ya kushuka: usijitupe na usijizuie. Anayejitupa anavunja mapaja kwa kasi. Anayejizuia anaegemea nyuma, anatua na kisigino mguu ukiwa umenyooka, na kila hatua inapiga goti kama nyundo. Ukae katikati. Mwili uwe wima kulingana na barabara yenyewe, magoti yamelegea kidogo, hatua fupi na za haraka, kama mtu anayeshuka ngazi za mawe akiwa na mtoto mgongoni. Mikono ifungue kidogo pembeni kwa ajili ya mizani. Sikiliza nyayo zako. Zikipiga "paa, paa, paa" unatua vibaya. Zikinong'ona uko sawa. Kipimo cha wimbo kinatumika pia, ila hapa kinageuka: mteremkoni pumzi itakuwa nyepesi kupita kiasi na itakudanganya kwamba unaweza kuongeza. Kwa hiyo wakati wa kushuka amini masikio yako kuliko kifua.

Na mapaja yanafundishika. Msuli uliochanwa kidogo kwa mteremko, ukapona, unakuwa mgumu kuchanika tena kwa wiki kadhaa zinazofuata. Ndiyo sababu nataka katika wiki 8 za mwisho uwe na mazoezi matatu au manne ya kushuka kwa makusudi, na la mwisho liwe wiki 2 hadi 3 kabla ya mbio. Barabara ya kushuka kutoka Isamilo inafaa, nenda mapema kabla magari hayajawa mengi. Shuka dakika 3 kwa mwendo wa wastani, panda ukitembea, rudia mara 5. Siku mbili zinazofuata utashika ukuta ukishuka kitandani, usishtuke. Mara ya pili maumivu yatakuwa nusu yake.

Mpango wenyewe wa wiki sitauandika kwa urefu, maana una kazi na watoto. Siku nne zinatosha. Mbili za kukimbia taratibu, dakika 40 mpaka saa 1, ikiwezekana moja kwenye barabara ya Musoma hapo kwenu kuelekea Kisesa. Moja ya milima. Moja ndefu, Jumamosi au Jumapili, inayokua polepole mpaka kilomita 28 au 30, isizidi saa 3 na nusu hata kama kilomita hazijatimia. Jipe wiki 16. Ile ndefu usiifanye peke yako gizani. Tafuta kikundi cha jogging. Vipo mjini, na humo utapata wimbo bure.

Njia ya mbio hizi hubadilika, kwa hiyo ramani ikitangazwa, ukaitembelee njia yote kabla ya siku yenyewe, hata kwa daladala na bodaboda. Andika kwenye karatasi milima iko kilomita ya ngapi. Mlima unaoujua ni mfupi kuliko usioujua, hata kama urefu ni mmoja.

Siku ya mbio, kilomita 5 za kwanza ndizo zitakazokutia majaribuni. Bado kuna baridi kidogo, muziki unapigwa, umepumzika wiki nzima, miguu inawasha. Watu watakupita kwa mamia. Waache. Katika kilomita hizo 5 nataka ujisikie kama unajizuia waziwazi, dakika 7 na sekunde 10 au hata 15 kwa kilomita. Kama uko na rafiki, ongeeni. Kuanzia hapo mpaka kilomita ya 30 ni wimbo kwenye tambarare, salamu mlimani, nyayo za kunong'ona mteremkoni. Saa yako igeuze ukurasa ionyeshe muda wa jumla tu, na uitazame kila kilomita 5, usiitazame katikati. Ukiwa umepita kilomita 5 za milima kwa dakika 38 na zinazofuata kwa dakika 34, hakuna lililoharibika. Umekwenda kwa nguvu ile ile. Barabara ndiyo iliyobadilika.

Jua. Hapa lazima niseme ukweli. Mbio zikianza saa 12 na nusu asubuhi, mshindi anakuwa amemaliza kabla ya saa 3, kwenye hewa nzuri. Wewe utakuwa barabarani mpaka karibu saa 5 na nusu. Tuko kama nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua halina huruma, na majabali haya yanaanza kurudisha joto. Vaa kofia nyepesi. Kila kituo cha maji, jimwagie kikombe kimoja kichwani na shingoni. Joto likipanda pumzi itapanda kwenye mwendo ule ule, na wewe utafanya lile lile: punguza mpaka wimbo urudi. Usigombane nalo.

Kunywa kwa kiu. Wapo watakaokuambia unywe kila kituo hata kama husikii kiu, na kwa mtu anayekaa barabarani saa 5 hilo ni hatari, kwa sababu maji mengi kupita kiasi yanazimua chumvi ya damu. Kiu ikija kunywa, na mara moja moja yawe yale ya chumvi na sukari. Chakula nacho kianze mapema, dakika ya 40 hivi, kabla njaa haijaja. Lengo ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Wakimbiaji wangu kadhaa hubeba matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye kimfuko, yamekatwa vipande vidogo, wanayamung'unya taratibu kwenye tambarare. Ni matamu, hayayeyuki kwa joto kama pipi, na ni chakula cha kwetu ambacho tumbo linakijua. Ila yajaribu kwanza kwenye mbio zako ndefu. Chochote ambacho hujakijaribu mazoezini, siku hiyo usikiguse. Usiku wa kuamkia mbio, wali na sato kidogo, na maharage yapumzike.

Jambo moja la dawa, na ninalisema kwa msisitizo: usimeze diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyo kabla ya mbio ili usisikie magoti. Saa 5 za jua na jasho, pamoja na dawa hizo, ni mzigo mbaya kwa figo. Na kabla hujaanza wiki 16 hizi, pima shinikizo la damu na umweleze daktari unachotaka kufanya. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija barabarani, simama, kaa kivulini, ita watu. Mbio zipo kila mwaka. Viatu sitavizungumzia sana: viwe vile ulivyovizoea, vyenye nafasi ya kidole gumba mbele, na kamba zikazwe juu karibu na kifundo ili mguu usiteleze mbele wakati wa kushuka, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Kwapani na sehemu zinazosuguana paka mafuta ya mgando.

Umesema unataka furaha, na sikuiacha mwisho kwa kuidharau. Katika miaka yangu ya kufundisha nimeona kwamba furaha ni kipimo kama zilivyo pumzi. Mtu anayekwenda kwa mwendo wake halisi anaona vitu. Anayekwenda zaidi ya uwezo wake anaona lami tu. Nesi mmoja niliyemfundisha alimaliza 42 zake kwa saa 5 na dakika 20, na tulipokaa kula alinisimulia njia nzima: harufu ya dagaa alipopita jirani na Mwaloni Kirumba, mwewe waliokuwa wanazunguka juu, jiwe lililokaa juu ya jiwe lenzake kama limewekwa kwa mkono, mtoto aliyemkimbiza mita 50 akiwa na kandambili moja mkononi, na ziwa. Alisema kila alipofika juu ya kilima alinyanyua macho kulitafuta ziwa, na mara tatu alilipata, mara ya mwisho likiwa limejaa mwanga mpaka akasikia machozi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekimbia 21 za huku huku, na alichoweza kunisimulia kilikuwa ni namba za saa yake tu.

Kwa hiyo nakupa hili liwe sehemu ya mpango, lina uzito sawa na maji: kila kilele, ndani ya zile hatua 60, nyanyua macho utafute ziwa. Usipoliona, tafuta jabali, au mtu wa kumpungia mkono. Mabega yatashuka yenyewe, taya itaachia, na pumzi itarudi haraka kuliko ukiwa umekunja uso. Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, anajulikana kwa kutabasamu katikati ya mbio ngumu, na mabega yake huwa yamelegea kama ya mtu anayetembea sokoni.

Kilomita ya 30 mpaka mwisho ni mbio nyingine. Ukifika pale na wimbo bado upo, umefaulu sehemu iliyo ngumu zaidi, na utaanza kuwapita watu, wengi wao wale wa asubuhi. Usiwapite kwa mbio. Wasalimie, wape pole, endelea. Mwaka 2025 kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, Alphonce Simbu wetu alikaa na wenzake kwenye joto kilomita zote zile, hakutangulia kwa pupa, na alipoingia uwanjani bado alikuwa na miguu. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na wakatenganishwa na sekunde 0.03, Simbu mbele. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nililia, mwalimu. Alichokitunza tangu asubuhi ndicho alichokuja kukitumia mita 100 za mwisho. Wewe ukibakiza kilomita 2, na salamu bado inatoka, nakuruhusu uache kupima. Kimbia utakavyo.

Anza Jumanne hii ukitoka kazini, jua likiwa limepungua. Tafuta kilima kimoja karibu na kwako cha dakika 3 za kupanda, kiwe na watu na kiwe na mwanga. Panda mara 4 tu, saa umeiacha nyumbani, ukishuka kwa kutembea. Kila unapopanda amkia watu watatu kwa salamu kamili. Kisha niandikie salamu ngapi kati ya 12 ulizimaliza, nami nitakupangia wiki ya pili.